Hakuna Kitu Kinaitwa "Bampa ya Fielder"

Ukiingia duka la spea useme "nataka bampa ya Fielder", bado hujasema kitu. Ni kama kufika stage ya Ukunda ukauliza, "Kwa kina Hamisi ni wapi?" Watakujibu, lakini kwa swali: Hamisi yupi? Manake kina Hamisi ni wengi. Fielder pia ni nyingi. Kuna ya kuanzia 2000, kuna ya kuanzia 2006, kuna ya kuanzia 2012, na kila kizazi kilibadilishwa uso kidogo katikati ya maisha yake. Zote nyuma zimeandikwa Fielder. Bampa zao hazibadilishani.

Nimeona vijana wenzangu mtandaoni wakicheka madereva wa huku Kwale, ati wanaendesha magari yaliyoshonwa na waya mbele. Sawa, chekeni. Lakini mkimaliza kucheka wacha niwapitishe kwenye historia ya hicho kipande cha plastiki. Hoja yangu ni moja tu: swali la "hii itakaa?" ni swali la historia kabla ya kuwa swali la spana. Na watu wanaojua kulijibu hapa kwetu hakuna aliyewahi kuwaandika.

Enzi za chuma

Wazee wetu hawakuwa na hii shida. Ukitazama picha za zamani za barabara ya Likoni unaona Volkswagen kobe, Peugeot 404, Land Rover. Bampa ya wakati ule ilikuwa kipande cha chuma kilichopakwa kromu au rangi, kimefungwa kwa nati chache mbele ya gari. Ukigonga mnazi, chuma kinapinda. Fundi anakifungua, anakitia moto, anakipiga nyundo, anakirudisha. Hakuna haja ya kutafuta kingine.

Pia magari hayakuwa yakibadilika sura kila saa. Peugeot 504 ilizinduliwa Ufaransa 1968, na hapa Kenya iliendelea kuunganishwa hadi 2004. Hebu fikiria. Gari moja, miaka zaidi ya thelathini. Fundi akishalijua, amelijua maisha.

Mambo yalianza kugeuka miaka ya 1970. Mwaka 1972 Renault walitoa Renault 5, gari dogo lenye bampa za plastiki. Mwaka uliofuata Marekani ikaanza kulazimisha bampa za magari mapya zihimili mgongano wa mwendo mdogo, kama kilomita 8 kwa saa mbele, bila taa na vifaa vya usalama kuharibika. Watengenezaji wakaanza kuipanga bampa upya. Polepole ikawa si kitu kimoja tena bali vitu vitatu: ngozi ya plastiki nje, sponji ngumu katikati, na boriti ya chuma ndani.

Hiyo ngozi ndiyo watu wengi wanaita bampa. Na hapo ndipo shida yetu ilipozaliwa. Kile chuma cha zamani kilikuwa kimesimama peke yake mbele ya gari, hakigusi taa wala fenda. Ngozi ya plastiki inafuata uso wa gari: inapinda na taa, inabanwa na grili, inaingia kwenye fenda kwa klipu. Kampuni ikibadilisha umbo la taa kidogo tu, bampa ya jana imekuwa ya gari jingine.

Kwa nini barabara zetu zikajaa Wajapani

Hili watu wengi hulichukulia poa, kama vile Toyota ilipandwa hapa pamoja na minazi. Hapana. Kuna sababu, na kila sababu ina mwaka wake.

Ya kwanza ni upande wa barabara. Sisi tunapita kushoto kwa sababu Mwingereza alitutawala. Japani haikutawaliwa na Mwingereza, lakini nayo inapita kushoto, na sheria ya nchi nzima kuhusu hilo ni ya 1924. Kwa hivyo gari la mtu wa Osaka lina usukani upande uleule unaotakiwa na dereva wa Msambweni. Nchi zenye watu wengi, viwanda vikubwa vya magari na usukani wa kulia si nyingi duniani. Tungekuwa tunapita kulia kama Ethiopia au Kongo, labda leo tungekuwa tunatafuta bampa za Wajerumani.

Ya pili ni jina. Safari Rally ilianza 1953, na kwa miaka mingi washindi walikuwa magari ya Ulaya. Mwaka 1970 Datsun ikashinda. Mwaka 1974 Joginder Singh, Mkenya, akashinda na Mitsubishi Lancer, na 1976 akarudia. Mzee aliyemwona Singh akipita kwenye matope na kale kagari kadogo hakuhitaji tangazo tena.

Ya tatu ni siasa ya uchumi. Hadi miaka ya 1980, kuleta gari kutoka nje kulihitaji vibali na fedha za kigeni ambazo mtu wa kawaida hakuzipata. Serikali ilikuwa inalinda viwanda vya kuunganisha magari vilivyoanzishwa miaka ya 1970: Thika, Nairobi, na hapa Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 masharti yakalegezwa, na mitumba ya magari ikaanza kuingia kwa wingi Kilindini.

Ya nne iko Japani kwenyewe. Wenzetu wana ukaguzi wa lazima wa gari unaoitwa shaken. Gari jipya dogo linakaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na gharama yake si ndogo. Wengi huona afadhali wauze. Gari linaingia mnadani likiwa bado zima, linapanda meli, linashuka Mombasa. Na mwaka 2005 Japani ilianza kutekeleza sheria ya kuchakata magari yaliyochoka, hivyo hata yale yasiyouzika yanafunguliwa kwa mpangilio na vipande vyake kuuzwa. Ndiyo maana unasikia "nosecut": uso mzima wa gari uliokatwa, wenye boneti, taa, rejeta na bampa, unaingia nchini kama spea.

Milimita tano za Japani

Sasa hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, manake inaonyesha vile sheria ya mbali inaweza kuja kukusumbua Ukunda.

Fielder ya 2006 hadi 2012 ni ya ukoo wa Corolla, kizazi ambacho mafundi wanakiita "141" kutokana na namba ya chasisi NZE141. Upana wake ni milimita 1,695. Kwa nini si 1,700 kamili? Kwa sababu Japani, gari likizidi upana wa 1,700 linatoka kundi la magari madogo. Mizizi ya sheria hiyo ni mwaka 1951. Toyota wakabaki chini ya mstari, milimita tano tu.

Wakati huohuo, Corolla waliyoitengenezea masoko mengine, ikiwemo Mashariki ya Kati, ilikuwa pana zaidi: milimita 1,760. Jina moja, miaka ileile, miili miwili tofauti.

Kwa hivyo mtu akikuambia ana bampa ya Corolla ya 2008 kutoka Dubai, jamaa anaweza kuwa hadanganyi. Ni Corolla kweli. Ni ya 2008 kweli. Na haikai kweli. Imezidi zaidi ya sentimita sita. Hakuna nyundo wala hita itakayoziondoa hizo sentimita.

Na tukiwa hapo Dubai: Emirati wanapita kulia. Bampa haijali usukani uko wapi, lakini taa inajali. Taa ya gari la usukani wa kushoto hurusha mwanga wake juu kidogo upande wa kulia, ili imulike ukingo wa barabara yao. Ukiifunga huku, upande huo wa kulia ndiko anakotoka mwenzio. Unammulika machoni. Barabara ya Lunga Lunga usiku haina taa, kuna malori, kuna wenye baiskeli. Usinunue uso mzima wa gari kwa sababu ya bampa kisha ukafunga na taa bila kuuliza ilikotoka.

Mlango wa miaka minane

Kenya ina sheria kwamba gari la mtumba lisizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Ni kiwango cha KEBS, KS 1515, na ndicho pia kinachotaka usukani uwe kulia. Watu huizungumzia hiyo sheria wakati wa kununua gari tu. Mimi naona athari yake kubwa zaidi inakuja baadaye, kwenye spea.

Piga hesabu. Fielder ya mwisho ya kizazi cha 141 ilitengenezwa 2012. Ongeza minane: 2020. Kuanzia 2021 hakuna 141 nzima inayoweza kushuka Kilindini. Lakini zilizoko barabarani bado zipo, tele, zinabeba watu kila siku. Zinagongwa kila siku. Bampa zake sasa zinatoka sehemu tatu tu: nosecut, magari yaliyofia hapahapa Kenya, na mpya za kuiga zinazotengenezwa Taiwan na China. Hizo za kuiga mafundi wanazijua kwa dalili moja: tundu la klipu limekosea milimita mbili tatu, na ukingo wa fenda unabaki na mwanya unaoingiza kidole.

Yaani kila mwaka mlango wa bandarini unafungiwa kizazi fulani, na kuanzia siku hiyo bampa za kizazi hicho zinaanza safari ya kuwa adimu. Ukijua mwaka wa gari lako unaweza kukadiria ni lini utaanza kuhangaika. Hii si uganga, ni kalenda.

Disemba ya mjomba

Mjomba wangu anaendesha Fielder 141 ya teksi hapa Diani. Disemba, msimu wenyewe, gari la mbele yake lilifunga breki ghafla kwenye barabara ya ufukweni. Tumbili. Wanaoijua Diani wanajua: kuna madaraja ya kamba yaliyotundikwa juu ya barabara tangu 1997 ili mbega wavuke salama, lakini tumbili wengine wana haraka zao. Hakuna mtu aliyeumia, tumbili naye akaenda zake. Bampa ya mbele ikapasuka katikati na kung'oka upande mmoja.

Mtu wa mbali atasema, si uendeshe tu hivyohivyo? Hapana bwana. Teksi ya Diani inaishi kwa hoteli. Askari wa getini akiona gari halina uso, anamwita mwingine. Isitoshe, gari la kubeba abiria lazima lipite ukaguzi wa NTSA kila mwaka, na wa mjomba ulikuwa unakaribia. Na nyumbani kuna karo ya Januari inayosubiri. Kwa hivyo bampa moja ilikuwa imeshika ada za watoto watatu.

Akapiga simu. Muuzaji mmoja wa mji mwingine, simtaji, akaambiwa waziwazi: Fielder, mwaka 2010. Akajibu, "Iko, mzee, tuma pesa." Sh12,000 zikaenda. Bampa ikaja kwa basi imefungwa kwa magunia. Kuifungua, ni ya 161, ile ya kuanzia 2012. Hata mtoto angeona taa hazikutani nayo. Mjomba akapiga simu tena. Jamaa akamwambia "we si ulisema Fielder?" Kisha akam-block.

Siku nane gari limelala nje. Mwishowe tukaenda Msambweni kwa fundi mmoja wa bodi, mzee ambaye karakana yake ni mkorosho na turubai. Mjomba akaanza kumweleza, "Fundi, nina Fielder yangu…" Mzee akainua mkono.

"Ndugu yangu, usinitajie jina. Jina ni la muuzaji. Fungua boneti unionyeshe namba."

Akakisoma kile kibati kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. NZE141. Hapo akatufundisha. NZ ni familia ya injini. E ni ukoo wa Corolla. 141 ni kizazi na aina. "Ukikuta 144 usikimbie, hiyo ni foo-wili, lakini uso ni wa ndugu huyuhuyu." Kisha akauliza swali ambalo yule muuzaji hakuliuliza kabisa: "Yako ni kabla ya kubadilishwa uso au baada?" Manake 141 ilibadilishwa uso mwishoni mwa 2008. Ya mjomba ni 2010, kwa hivyo ni uso wa pili. Akauliza tena: ina foglaiti au haina? Ni ya kawaida au ni Aerotourer, ile ya bodi kit?

Maswali matatu. Dakika tano. Yule wa Sh12,000 hakuuliza hata moja.

Mzee alimpigia mwenzake Mombasa, akamtajia namba badala ya jina. Siku ya pili bampa ilivuka feri ya Likoni imefungwa juu ya paa la matatu. Ilikaa.

Mambo mzee aliyotuonyesha

Nayaandika hapa kwa sababu sijawahi kuyaona kwa Kiswahili mahali popote.

Kwanza, soma namba ya chasisi kwenye kibati, chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Mpe muuzaji namba hiyo, kisha mwambie akupigie picha ya kibati cha gari ambalo bampa imetoka. Ikiwa hana kibati, angalau akupe picha ya lile gari lenyewe kabla halijafunguliwa.

Pili, kwenye kibati hichohicho kuna namba ya rangi. Kwa Toyota, 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi, 1F7 ni silva. Ukipata bampa ya namba ileile unaweza kuepuka gharama ya kupiga rangi. Ila rangi nayo huzeeka, na jua la Pwani halina huruma, kwa hivyo usitegemee zifanane kama mapacha.

Tatu, geuza bampa uangalie ndani. Tazama masikio ya klipu pande zote mbili. Bampa inaweza kung'aa nje kama bibi harusi, na masikio yote yamekatika. Hiyo utaifunga kwa skrubu kwenye fenda, na baada ya wiki mbili za barabara ya vumbi itaanza kupiga makofi. Tafuta pia maandishi madogo ya PP. Hiyo ni aina ya plastiki, inayeyuka ikitiwa moto, kwa hivyo ufa wake unaweza kuchomewa.

Nne, tazama boriti ya chuma iliyobaki kwenye gari lako. Huku kwetu hewa ina chumvi, na chuma kilichojificha nyuma ya plastiki hulika bila mtu kujua. Ngozi mpya juu ya boriti iliyooza ni kanzu nzuri juu ya mbavu zilizovunjika. Ukigongwa tena, hakuna kitakachokukinga.

Tano, hakikisha kile kifuniko kidogo cha mraba kipo, kile kinachofunika tundu la kulabu ya kuvutia gari. Kinapotea kila mara, na kukitafuta peke yake ni balaa.

Na ukinunua gari jipya kutoka mnadani Japani, mwambie wakala akutumie karatasi ya mnada. Ina mchoro wa gari na alama kila sehemu. A ni mkwaruzo, U ni bonde, na XX maana yake kipande hicho kilishabadilishwa. Bampa yako inaweza kuwa ya pili hata kabla haijaona bahari.

Upande wa giza

Siwezi kuzungumzia spea za mtumba nikajifanya zote zimetoka Japani. Kila mwenye gari anajua mtu aliyeamka akakuta kioo cha pembeni hakipo, au taa. Kisha unaambiwa nenda mahali fulani, utakipata, ununue kitu chako mwenyewe. Hatupaswi kulicheka hili kama ujanja wa mjini. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 322, inasema anayepokea mali ya wizi akijua au akiwa na sababu ya kuamini ni ya wizi, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Hicho kifungu kinamhusu mnunuzi pia.

Ndiyo maana nasisitiza picha ya kibati na risiti. Ni ya kujua kama itakaa, na ni ya kujua imetoka wapi. Muuzaji ambaye hawezi kukuambia bampa imetoka gari gani, huenda ana sababu mbili za kunyamaza, na zote mbili ni hasara yako.

Kwa hivyo nani ana ujuzi?

Kuna kitu kinanikera. Gari linashuka Kilindini, ng'ambo tu ya Likoni. Ukisimama kwenye feri unaziona meli. Lakini tukitafuta bampa tunaambiwa "iko Nairobi, Grogan", yaani Kirinyaga Road, mtaa ambao bado watu wanauita kwa jina la mlowezi Ewart Grogan. Gari lilipita mlangoni kwetu likapanda Nairobi, likagongwa huko, likafunguliwa huko, na uso wake ukateremka tena kwa basi kuja kwetu kwa bei ya juu. Bandari tunayo, bei wanayo wengine. Sasa hata barabara ya Dongo Kundu ipo, mtu wa Kwale anaweza kufika upande wa Miritini bila kuvuka feri, lakini yadi kubwa ya spea upande huu wa Likoni mimi sijaiona.

Watu wanasema dawa ni kupiga marufuku mitumba, au kushusha umri kutoka miaka minane. Mimi sipingi magari mapya. Nauliza tu: yale yaliyopo yataenda wapi? Mlango ukifungwa leo, mjomba bado ataendesha 141 yake miaka kumi ijayo, na bampa itakuwa bei ya boneti. Sheria yoyote inayohesabu magari yanayoingia bila kuhesabu yaliyobaki barabarani imesoma ukurasa mmoja wa kitabu.

Ninachotaka ni kidogo zaidi na kiko mikononi mwetu. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya, na ripoti hiyo ilisaidia kulieneza duniani neno "sekta isiyo rasmi". Tangu hapo tumewaita mafundi wetu jua kali, na tumewachukulia kama watu wa kubahatisha. Yule mzee habahatishi. Anajua vizazi vya Corolla kama anavyojua vizazi vya ukoo wake. Anajua kushona bampa kwa waya kwa nafasi zilizo sawa, akiuyeyusha ndani ya plastiki hadi hauonekani. Pwani hii ilishona mitepe kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja na ikaenda baharini, kwa hivyo mtu asituambie kushona ni aibu.

Lakini mzee hana daftari. Kila kitu kiko kichwani. Vijana wawili anaofanya nao kazi wanasikia vipande vipande, na mmoja ameshaanza kusema atauza pikipiki aende Qatar. NITA inatoa mitihani ya ufundi, Gredi ya 3 hadi ya 1, na kijana aliyejifunza chini ya mkorosho anaweza kuufanya. Wangapi wameambiwa?

Sisi wenye simu tunajua kurekodi kila kitu: chakula, viatu, machweo ya Diani. Mwezi huu mimi nitarudi Msambweni na daftari, sio kamera. Nitaandika gari kwa gari: namba ya chasisi, mwaka wa uso, bampa gani inakaa na gani haikai, Fielder, Probox, Succeed, Vitz, Demio, Note. Probox na Succeed za kabla ya 2014 peke yake zitanimalizia ukurasa, manake watu wanaziona pacha na bampa zake hazifanani. Mzee ameshakubali, kwa sharti moja: nimsomee kila nilichoandika kabla sijakiweka hapa, ili akisahihishe.

Nikikamilisha orodha ya kwanza nitaiweka hapa bure. Na wewe uliye Tiwi, Gazi, Shimoni au Vanga, kwenu kuna fundi wa aina hii. Nenda ukamuulize maswali matatu, uandike majibu, kabla hajachoka au hajaondoka.